Mtindo wa Ndani ya Nyumba Usiochuja: Mwongozo Kamili wa Kuuchagua, Hatua kwa Hatua

Dari za jipsamu za ngazi tatu, zenye taa za buluu zilizofichwa pembeni, zilikuwa fahari ya kila sebule mpya miaka michache tu iliyopita. Leo wenye nyumba wanalipa mafundi wazibomoe. Wakati huohuo kabati la mninga lililonunuliwa miaka ya 1970 linagombewa na warithi, na hakuna hata mmoja anayeuliza kama limepitwa na wakati.

Mtindo usiochuja hauanzii kwenye picha. Unaanzia kwenye hali ya hewa ya mahali nyumba ilipo, kwenye maisha ya watu wanaokaa ndani yake, na kwenye malighafi inayozidi kupendeza kadiri inavyotumika. Picha ya sebule ya Copenhagen au Dubai inaweza kukupa wazo zuri, ila haijui joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari, haijui chumvi ya bahari inavyokula chuma Mombasa, wala haijui kwamba siku moja sebule hiyo itapokea watu hamsini kwa mpigo. Mwongozo huu nimeuandika kwa kufikiria zaidi nyumba ya tofali ya pwani, kwa kuwa ndiko tulikorithi mtindo wetu wenyewe uliokwisha kupimwa na karne kadhaa. Wa Arusha, Nairobi, Mbeya au Bukavu mtaona panapohitaji kugeuzwa.

Hatua ya 1: Isome nyumba yako kwanza

Chukua futi ya kupimia, penseli na daftari la miraba. Pima urefu na upana wa kila chumba, kimo cha dari, upana wa kila mlango, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, na mahali zilipo swichi na soketi. Chora kwa kipimo cha 1 kwa 50, yaani sentimita 2 za karatasi ziwe mita 1 ya chumba. Kisha kata vipande vya karatasi kwa kipimo hichohicho: makochi, meza, kitanda, kabati. Visogeze juu ya mchoro mpaka uridhike. Kazi hii ya jioni moja huokoa fedha nyingi kuliko ushauri wowote mwingine uliomo humu.

Baada ya hapo kaa chumbani nyakati tofauti: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni. Angalia jua linapoingilia na linapofika. Dirisha la magharibi hupokea jua kali la jioni, na kochi la mahameli la rangi nzito likiwekwa hapo litapauka upande mmoja kabla ya mwingine. Chumba cha upande wa kivuli kinataka rangi zenye joto kidogo, kama maziwa au mchanga, la sivyo kitaonekana kimenuna siku nzima.

Usisahau upepo. Pwani, kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, kisha kusi hushika zamu kutoka kusini kwa miezi ya katikati ya mwaka. Tafuta dirisha linalopokea upepo na uwazi unaoutoa upande wa pili, halafu usiweke kabati refu wala mgongo wa kochi kubwa kwenye njia hiyo. Chumba kinachopitisha hewa hukaa kikavu, na chumba kikavu hakishiki ukungu kwenye mapazia wala harufu ya uvundo kabatini.

Nyanda za juu mambo ni kinyume. Juni na Julai baridi ya Nairobi au Arusha inataka zulia zito chini, mapazia yenye bitana, na mbao zaidi kuliko vigae. Chagua mtindo utakaokufaa katika msimu mgumu wa mwaka. Msimu mzuri utajisimamia wenyewe.

Hatua ya 2: Andika maisha ya nyumba

Jibu kwa maandishi, tena kwa ukweli. Mnakula mezani au mkekani? Watoto wanafanyia wapi kazi za shule? Kuna mzee anayekaa nanyi au anayekuja mara kwa mara? Mnasali wapi? Viatu vinavuliwa mlangoni? Televisheni inawashwa saa ngapi kwa siku, na nani huiangalia?

Sebule nyingi zetu zimepangwa kwa ajili ya mgeni anayekuja mara chache, na wenyeji wakabanana jikoni na varandani. Naona hilo ni jambo la kusikitisha. Nyumba inayowatumikia wanaoishi ndani yake humpokea mgeni vizuri zaidi, kwa sababu mgeni anakuta mahali palipozoeleka kukaliwa, wala haogopi kuegemea mto.

Kuna jambo moja ambalo majarida ya nje hayawezi kukuambia. Kukiwa na msiba, kisomo, kipaimara au kikao cha harusi, makochi hutolewa nje na mikeka na majamvi hutandikwa sakafuni. Kwa hiyo kila samani kubwa unayonunua iulize swali hili: watu wanne wanaweza kuinyanyua na kuipitisha mlangoni? Mlango wa ndani wa sentimita 80, ukiondoa unene wa ubao na bawaba, hubakisha takriban sentimita 75. Kochi la kona lenye kina cha mita 1 na miguu iliyopigiliwa misumari halitapita hapo bila kukwaruza fremu. Agiza makochi yanayogawanyika vipande, au yenye miguu ya kufungua kwa skrubu.

Kwa mzee, kiti kiwe na kimo cha sentimita 45 au zaidi kidogo, sponji ngumu na mikono ya kushikia anapoinuka. Makochi ya kisasa yaliyo chini sana huwafanya wazee waombe msaada kusimama, na wengi huona aibu kusema.

Hatua ya 3: Chagua mtindo mmoja uwe uti wa mgongo

Sasa unaweza kuangalia picha. Mitindo iliyodumu duniani ni mingi, ila nyumba moja inahitaji mmoja tu wa kuongoza. Mwingine ukiingia, uingie kama mgeni: kiti kimoja, taa moja, kitambaa kimoja.

*Mtindo wa pwani.* Huu nitauzungumzia kwa kirefu, kwa sababu ni wetu na kwa sababu tumeuachia mahoteli. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Nyumba za mawe za miji hiyo zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazivuki nafasi ya zaidi ya takriban mita 3 bila kupinda, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Mafundi hawakupigana na ufinyu huo. Walipaka kuta chokaa nyeupe ili mwanga wa uani uruke mpaka ndani kabisa, wakachonga madaka, yaani matundu ya kuwekea vitu, ukutani ili vyombo visichukue nafasi ya sakafu, na samani wakaziacha chache. Vyumba vya ndani vya Lamu vilikuwa na safu za zidaka, yaani madaka madogo, zilizonakshiwa kwa chokaa, na kaure za China zikapangwa humo. Hakuna pambo pale lisilokuwa na kazi.

Ukiuchukua mtindo huu, beba mambo manne: ukuta mweupe usiong'aa, mbao nyeusi au za kahawia iliyoiva, kitu kilichosukwa, na nakshi mahali pamoja. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Ukichonga mlango, kitanda, meza, fremu ya kioo na kabati la televisheni, nyumba itafanana na mapokezi ya hoteli ya watalii. Mlango mmoja wa nakshi kwenye ukuta mtupu unatosha kubeba sebule nzima. Nakshi inahitaji utulivu pembeni yake ili ionekane.

Daka unaweza kulipata hata kwenye nyumba ya tofali. Usichimbe ukuta wa tofali za inchi 5 au 6, maana utaudhoofisha na hutapata kina cha kutosha. Kama bado unajenga, mwambie fundi aache nafasi mapema na aweke linta, yaani boriti ya kubeba ukuta, juu yake. Kama nyumba imeshakwisha, jenga ukuta mwembamba wa pili mbele ya ule wa zamani, upana wa mita 2 hivi, utoke sentimita 20 hadi 25, uache humo matundu matatu au manne. Tundu la upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 55, lenye tao juu, linapendeza kwenye vyumba vingi vya dari ya mita 3. Paka ndani rangi ileile ya ukuta. Weka kitu kimoja kila daka: birika la shaba, bakuli la kaure, chungu cha kufinyanga, msahafu kwenye rehali. Daka likijazwa vitu sita huwa rafu ya duka.

Baraza ya ndani nayo ni zawadi kubwa kwa sebule ndogo. Jenga tofali kando ya ukuta wenye dirisha, malizia kwa saruji laini, juu weka mto wa sponji wa sentimita 10. Kimo cha jumla, mto ukiwemo, kiwe sentimita 42 hadi 45. Kwa kukaa wima, kina cha sentimita 55 hadi 60 kinatosha; ukitaka watu waegemee matakia na kupandisha miguu, fika 80. Acha uwazi chini kwa ajili ya viatu, mikeka iliyokunjwa na michezo ya watoto. Kava za mto zitiwe zipu ili zifuliwe. Baraza ya mita 3 inakalisha watu watano wazima, haivunjiki miguu, na siku ya shughuli haihitaji kutolewa nje.

Kuhusu viti vya enzi vya Lamu, vile vya mpingo vilivyotiwa njumu (pambo la kupachikwa kwenye mbao) ya pembe na kusukwa kwa kamba: usinunue chochote chenye pembe za ndovu, hata ukiambiwa ni cha kale. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989. Mafundi wazuri hutia njumu ya mfupa au ya mbao nyeupe, na kazi inatoka safi.

*Mtindo wa katikati ya karne ya 20.* Nyumba nyingi za miaka ya 1950 na 1960 za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina sakafu ya terazo (saruji yenye vipande vya mawe, iliyosagwa ikang'aa), madirisha mapana, matofali ya matundu yanayopitisha hewa, na samani za mbao zenye miguu myembamba iliyoinama kidogo. Kama umerithi au umepanga nyumba ya namna hiyo, nakusihi usiifunike kwa vigae vipya. Terazo iliyochakaa husagwa kwa mashine na kung'arishwa ikarudi kama mwanzo. Samani za mtindo huu ni nyepesi, zimeinuka kutoka sakafuni, fagio na upepo vyote vinapita chini yake. Ndiyo maana zinatufaa sana huku kwenye joto.

*Mtindo wa uchache*, wenye asili Japani na nchi za Skandinavia, unamfaa mwenye chumba kidogo na nidhamu kubwa. Vitu vichache, mbao nyepesi, nafasi tupu iliyoachwa kwa makusudi. Kwa familia yenye watoto watatu na wageni wa kila wiki ni mzigo, labda uwe na makabati mengi ya kuficha vitu.

Ukisita kati ya mitindo miwili, pima umbo. Ondoa akilini rangi, kitambaa na mng'aro, ubaki na umbo tupu la kiti au meza. Kiti namba 14 cha seremala Michael Thonet, kilichotoka mwaka 1859 kikiwa na mbao zilizopindwa kwa mvuke na kikalio cha kusukwa, bado kinatengenezwa. Stuli ya miguu mitatu ya msanifu majengo Alvar Aalto ya mwaka 1933 pia. Vyote viwili ukivichora kwa mistari michache vinatambulika. Kochi ambalo uzuri wake wote uko kwenye vifungo vya dhahabu na kitambaa kinachometa halina kitakachobaki vifungo vikishabanduka.

Hatua ya 4: Rangi ya ukuta

Gawa chumba hivi: takriban sehemu sita kati ya kumi ziwe rangi tulivu ya kuta na dari, tatu ziwe rangi ya mbao na samani kubwa, moja iliyobaki iwe ya kuchangamsha. Hiyo ya kuchangamsha iweke kwenye kitambaa au chungu, usiiweke ukutani, ili ukiichoka ubadilishe bila kumwita fundi.

Nyeupe ina sura nyingi. Iliyochanganywa na buluu huonekana baridi, hasa chini ya taa nyeupe. Iliyotiwa manjano kidogo hukaa vizuri na mninga na mkongo. Usichague kwenye kadi ya dukani. Nunua kopo dogo, paka eneo la mita 1 kwa mita 1 kwenye kuta mbili tofauti, uangalie asubuhi, mchana na usiku taa ikiwa imewashwa. Rangi ya matt huficha makosa ya plasta, inayong'aa huyatangaza. Jikoni, korido na vyumba vya watoto weka ya nusu-mng'aro inayovumilia kufutwa.

Hesabu kabla hujaenda dukani. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 3 kina kuta za mita za mraba 54. Toa mlango na madirisha mawili, utabaki na takriban 48. Mikono miwili ni 96, na kwa kuwa lita 1 hupaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, unahitaji lita 10 hivi, mbali na praima. Fundi akikutajia ndoo mbili za lita 20 kwa chumba hicho, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Nasema hili kwa mkazo kwa wenye nyumba za mawe ya matumbawe, Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu: msipige plasta ya saruji wala rangi ya plastiki juu ya ukuta wa chokaa. Ukuta ule hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuziba, maji hubaki ndani, plasta hubanduka vipande vikubwa, na boriti zinazoingia ukutani huoza kwenye ncha zake. Rudisheni chokaa. Inataka fundi anayeijua na subira ya kukauka polepole, lakini ndiyo iliyoziweka nyumba hizo mpaka zikatufikia.

Hatua ya 5: Mbao na samani, hapa ndipo pa kuweka fedha

Kama bajeti ni ndogo, nunua vitu vitatu vizuri na uache nafasi nyingine tupu. Kitanda, meza ya kulia na kiti kimoja cha kukaa muda mrefu vitakufaa kuliko seti nzima ya makochi saba iliyopigwa haraka.

Mninga una rangi ya kahawia yenye michirizi, haufuri wala kunywea sana, na seremala anaufurahia. Mkongo, ambao wengine pwani huuita mbambakofi, ni mzito na mgumu, mzuri kwa milango na fremu. Mvule huvumilia mchwa na hali ya hewa. Msaji, yaani tiki, una mafuta yake ya asili yanayoulinda na unyevu. Mbao za msindano ni nafuu na zinafaa kwa rafu na fremu za ndani ya makochi, zikiwa zimekauka na kutiwa dawa. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao hufura ikigusa maji kwenye kingo, na ikishafura haitengenezeki; iweke mbali na jikoni na bafu. Miti ya asili ina sheria zake za uvunaji, kwa hiyo uliza mbao zimetoka wapi na zina kibali gani. Kununua samani iliyotumika, ukaipiga msasa na kuipaka upya, ni njia njema kuliko zote.

Ukifika karakana, iwe Keko Dar es Salaam au kando ya Ngong Road Nairobi, usianze na bei. Geuza kiti miguu juu. Angalia pale mguu unapokutana na fremu: ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu na kutiwa gundi hushika kwa miaka mingi, ilhali misumari peke yake hulegea. Kaa juu yake, uinamie upande mmoja, usikilize mlio. Vuta droo mpaka mwisho. Itoke sawasawa bila kuinamisha kichwa. Pitisha kiganja kwenye kingo za chini ambazo hazionekani, kwa sababu fundi aliyepiga msasa mahali pasipoonekana hakuiba kazi kwingine. Mwisho uliza mbao zilikaushwa muda gani. Kwa samani za ndani unyevu wa mbao unatakiwa uwe karibu asilimia 12. Mbao mbichi ikiingia kwenye chumba chenye kiyoyozi hupasuka, wakati mwingine kwa kishindo usiku.

Kwa makochi, omba uone sponji kabla halijavishwa. Ibonyeze kwa ngumi: ikirudi haraka na haikugusisha na ubao, ni nzito ya kutosha. Kitambaa cha pamba nzito au kitani kinapumua. Ngozi bandia hushika jasho na huanza kubanduka magamba. Agiza kava zinazovuliwa, na nunua mita mbili au tatu za akiba za kitambaa hichohicho.

Vipimo vya kuzingatia: njia ya kupita iwe na sentimita 75 hadi 90. Kati ya kochi na meza ya mbele acha 40 hivi. Kila mlaji mezani anahitaji sentimita 60 za ukingo, na nyuma ya kiti chake 75 za kujisogeza. Kitanda cha sita kwa sita ni karibu mita 1.83 kila upande. Chumba cha mita 3 kwa 3 kitakupa sentimita 58 tu pembeni kila upande, kwa hiyo huko chukua cha tano kwa sita na upumue.

Hatua ya 6: Mwanga

Taa moja nyeupe kali katikati ya dari huua mtindo wowote ule. Kwenye boksi la balbu soma kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano tulivu wa sebuleni na chumbani, 4000 unafaa jikoni na mezani pa kusomea. Zile za 6500 waachie maduka na ofisi. Sebule iwe na taa tatu au nne ndogo kwa vimo tofauti badala ya moja kubwa, na swichi zitenganishwe. Taa ya mezani kando ya kiti, moja ndani ya daka, moja ukutani. Mwambie fundi umeme mapema, kabla plasta haijapigwa.

Hatua ya 7: Vitambaa na mikeka

Hapa ruhusa ya kufuata fasheni ipo, kwa kuwa gharama ni ndogo. Foronya za kitenge, shuka, matakia ya kikoi, vibadilishe hata kila Idi au kila Krismasi. Ila vitu vikubwa, yaani mapazia na zulia, viwe vya rangi tulivu.

Fimbo ya pazia iinue sentimita 15 juu ya dirisha na uipitishe sentimita 20 kila upande. Dirisha litaonekana kubwa na pazia likifunguliwa halitazuia upepo. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha au zaidi kidogo, na upindo ufike sakafuni. Pazia linaloishia juu kidogo ya sakafu huonekana limenywea.

Mkeka wa ukindu uliosukwa vizuri ni sakafu kamili ya chumba cha joto. Kagua ukili wake, yaani tepe zilizosukwa zinazoshonwa kuwa mkeka: misuko iwe imebanana, upana ulingane, na mshono unaounganisha ukili na ukili usionyeshe mwanga ukiuinua juani. Rangi zilizochemshwa pamoja na ukindu hazitoki. Sugua kwa kitambaa kibichi cheupe ujue. Usiuburuze ukiwa umekunjwa, na usiukaushe kwenye jua la mchana ukilowa, utavunjika.

Hatua ya 8: Picha na kumbukumbu

Ukuta mmoja uwe na kitu. Zilizobaki ziachie nafasi. Tundika picha ili katikati yake iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, karibu na macho ya mtu aliyesimama. Juu ya kochi, upana wa picha au kundi la picha ufike theluthi mbili ya upana wa kochi. Mchoro wa Tingatinga una rangi kali, hivyo upe ukuta mweupe peke yake na fremu nyembamba. Kinyago cha Kimakonde kikae mahali ambapo mtu anaweza kukizunguka, maana kimechongwa pande zote. Picha za wazee wa familia zitieni fremu za aina moja, hata kama picha zenyewe zina ukubwa tofauti; zitakaa kama ukoo.

Hatua ya 9: Mpangilio wa kununua, na utunzaji

Anza na visivyoonekana: paa lisilovuja, nyaya, mabomba, wavu wa mbu madirishani. Fuata sakafu na rangi. Halafu kitanda na sehemu ya kukaa. Hapo simama, kaa humo msimu mmoja wa mvua na mmoja wa jua kabla ya kuongeza kitu. Nyumba itakuonyesha yenyewe panapotaka taa, meza ndogo au ukimya.

Mpangaji asikate tamaa. Kwa kibali cha mwenye nyumba paka rangi nyeupe, badilisha balbu zote uziweke za 2700, ninginiza mapazia marefu, tandika mkeka mkubwa juu ya vigae usivyovipenda. Fedha zako ziweke kwenye vinavyohamishika: kitanda cha kufungua kwa skrubu, kabati la vipande viwili, taa za kusimama. Madaka yako yawe sanduku la mbao lililosimama dhidi ya ukuta.

Samani za mbao zifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, kikifuatiwa na kikavu. Zilizomaliziwa kwa mafuta zipake mafuta ya kitani mara moja au mbili kwa mwaka, na matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke kabla ya kuyatupa, maana yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Kabla ya masika, sogeza kila kabati sentimita 5 kutoka ukutani na umulike nyuma yake kwa tochi: vichuguu vyembamba vya udongo ni mchwa, unga laini sakafuni ni dumuzi, na vyote viwili vinatibika kama umeviona mapema.